Wanaogonga Dirishani kwa Mama

Asubuhi ile Chujio alipotumbukiza wavu wa mkono katika bwawa la kwanza, alitegemea kuinua vifaranga. Aliinua wadudu. Mbawakawa wa majini, weusi wenye ukingo wa manjano, walifurukuta kwenye wavu huku miguu yao ya nyuma, mipana na yenye manyoya pembeni, ikipiga makasia hewani. Chini yao walijikunja mabuu wao, warefu na wembamba, wenye taya zilizopinda kama mundu. Na katikati ya mabuu kulikuwa na vitu vyeupe vyepesi ambavyo mtu asiyejua angesema ni maganda ya vitunguu.

Zilikuwa ngozi za vifaranga wa kambale. Buu wa mbawakawa hatafuni. Anachomeka taya zake mwilini mwa kifaranga, anaingiza maji yanayoyeyusha nyama, kisha anafyonza kila kilichoyeyuka kupitia taya zilezile, maana zina tundu ndani. Akimaliza anaiachia ngozi ielee na kumtafuta mwingine.

Alichota kwenye kona. Wadudu. Alichota upande wa pili. Wadudu na ngozi.

"Haya," alisema, akaukung'uta wavu ukingoni, akaenda zake kunywa chai.

Msimhukumu haraka. Huyu hakuwa mtu wa roho ngumu hata kidogo. Miezi michache tu iliyopita angekaa chini pale pale ukingoni, ashike kichwa, apige kelele mpaka majirani watoke. Lakini kaka yake alikuwa amekufa, na tangu walipomzika Chujio alikuwa amekufa ganzi. Alikula, alioga, alifagia, alijibu akiulizwa. Ukimfinya angesema "aa," kwa adabu tu.

Hilo jina la Chujio alipewa na huyo huyo kaka walipokuwa wadogo, kwa sababu kila alichoagizwa kiliingia kichwani na kupita moja kwa moja. Ukimtuma chumvi alirudi na kiberiti, tena akiwa na furaha tele. Jina likamganda mpaka utu uzima, mpaka watu wakasahau lile alilopewa na wazazi. Sasa likawa na maana nyingine ambayo Kaka hakuikusudia. Pole za watu, vilio vyao, nyimbo zao, vyote vilipita ndani yake na hakuna kilichobaki.

Kazi yao ilikuwa kutotolesha vifaranga wa kambale na kuwalea mpaka wafikie ukubwa wa kuuzika. Waliirithi kwa baba yao: chumba kimoja chenye trei za kutotoleshea, na nyuma ya nyumba mabwawa madogo matatu ya kulelea. Kaka ndiye aliyekuwa na mkono wa kumminya kambale jike tumboni na kumkamua mayai. Chujio alikuwa na jicho la maji, akiyatazama tu alijua yana shida gani. Siku mbili kabla ya kifo chake Kaka alimkamua Bibi, kambale jike mkubwa mwenye sharubu ndefu aliyemlea tangu akiwa saizi ya kidole. Watoto wa Bibi walikua haraka na hawakuugua ovyo, na wateja walikuwa wakimwulizia kwa jina. Kisha Kaka akaondoka na gari kupeleka vifaranga wengine mji wa pili, gari likapinduka mtaroni, na aliyerudi hakuwa Kaka.

Mayai yakaanguliwa maiti ikiwa bado hospitali. Kambale hawana habari na msiba. Kwa hiyo wakati wanawake wamekaa na mama, Chujio alikuwa akichomoka kila baada ya muda kwenda kutazama kama maji yanapita kwenye trei, na kuyatoa mayai yaliyokufa kabla ukungu haujashika mengine. Shangazi mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, "Ndugu yake hata hajapoa, yeye yuko na samaki." Chujio alisikia. Yakapita.

Halafu kuna la Bibi, na hili lazima lisemwe. Baba mdogo alikuwa mtu wa kusimamia mambo. Penye shughuli yoyote alijiteua mwenyewe, akavaa kofia, akaanza kuelekeza watu hata kama wote walikuwa wakienda njia sahihi. Siku ya mazishi wageni walizidi, chakula kikapungua, na Baba mdogo akakumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna samaki wa kulisha meza nzima, anazeeka bure majini. Alimvua mwenyewe. Chujio aliletewa kichwa, kwa heshima, katika bakuli la peke yake. Alizitambua zile sharubu. Akala. Aliona kila mtu anakula, naye akala.

Ndiyo maana wale vifaranga kwenye trei walikuwa si vifaranga tu. Bibi hakuwepo tena, Kaka hakuwepo tena. Kazi ya mikono ya Kaka ilikuwa imebaki kwenye zile trei peke yake, vitu vyeusi vyenye mikia, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Akili ya Chujio ilijua hivyo, ila habari ilikuwa haijafika moyoni.

Aliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza alilitia bwawa la kwanza, na mmeshaona lilivyoishia.

Kwa fungu la pili alifanya kila kitu kwa utaratibu. Mbawakawa ni mnyama wa majini asiyeweza kupumua majini. Anabeba hewa chini ya magamba ya mgongoni, anashuka nayo, anawinda, na ikimwishia anapanda juu, anatoa makalio nje ya maji, anavuta nyingine. Basi siku moja kabla ya kuachia vifaranga unaziba maji yanayoingia ili uso utulie, unapiga sabuni ya maji pamoja na mafuta ya kupikia mpaka vishikane, unamwaga upande unakotoka upepo. Upepo wenyewe unatandaza. Utando mwembamba tu, lakini mbawakawa hawezi kuupenya.

Chujio alimwaga, akachuchumaa kutazama. Walianza kupanda. Mmoja aligusa utando kwa makalio, akashuka, akapanda tena mahali pengine, akagusa, akashuka. Kila mara alipanda polepole zaidi. Hewa yote ya dunia ilikuwa pale juu yake, unene wa karatasi tu katikati. Mwisho aliacha kushuka. Kaka alikuwa hawezi kutazama jambo hili. Alikuwa akimwaga mafuta na kuondoka, akisema, "Chujio, baki nao wewe, una moyo." Sasa Chujio alibaki nao, akawatazama wote mpaka wa mwisho, na alijisikia anavyojisikia mtu anayengoja maji yachemke.

Aliwaokota kwa wavu, akaachia vifaranga. Baada ya siku chache alichota. Mbawakawa wazima, wanang'aa, na ngozi zikielea. Kama vile hakuwahi kumwaga kitu.

Likabaki fungu moja, na fungu hilo halikuwa na muda. Kambale wadogo wakisongamana mahali padogo, anayewahi kukua huwameza wenzake. Chujio alishamwona mmoja kwenye trei amevimba tumbo, mkia wa ndugu yake ukimning'inia mdomoni. Ilibidi waende bwawa la tatu upesi. Na bwawa la tatu lilikuwa hatua chache tu kutoka lile la pili.

Baba mdogo, ambaye msiba ulikwisha lakini usimamizi wake haukwisha, alifika na kofia yake.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alisema.

"Ni wadudu, baba mdogo."

"Wadudu wametumwa na nani?"

"Hawatumwi. Wanaruka."

"Mdudu wa maji aruke?" Baba mdogo alicheka peke yake kidogo. "Mwanangu, uchungu umekuzidi. Mimi naona ni vyura. Au mlinzi wa jirani. Yule ana macho ya kutamani vifaranga."

"Sawa, baba mdogo."

"Mtu akiniambia mimi sawa, nataka aseme kwa nguvu."

"Sawa," alisema Chujio kwa nguvu, akaendelea kuosha ndoo.

Wanaruka, ndiyo, hilo alilijua tangu utoto. Chini ya magamba yale magumu kuna mbawa nzuri kabisa. Jua likizama mbawakawa huacha dimbwi lake na kwenda kutafuta lingine, na maji anayajua kwa mng'ao. Kitu chochote kinachong'aa kwake ni maji. Baba yao aliwahi kuwakusanya juu ya paa la gari la mgeni, wamejipigiza hapo wakidhani wamefika bwawani. Chujio alilijua hilo jinsi mtu anavyojua njia ya kwenda sokoni. Lakini alikuwa na ganzi, na mtu mwenye ganzi anaweza kukalia funguo huku akizitafuta.

Wifi yake ndiye aliyemgutusha kidogo, bila kukusudia. Wifi huyu, mjane wa Kaka, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na machozi ya karibu. Tangu msiba alikuwa analia akipika na kupika akilia. Siku hiyo aliingia chumba cha trei akiwa na sahani tupu mkononi na uso uliokunjuka kidogo.

"Wifi, mama anakula."

"Vizuri."

"Vizuri tu? Mtu alikuwa anarudisha chakula kama kilivyo, leo siku ya nne sahani inarudi nyeupe, wewe unasema vizuri?" Wifi alisogea, akapunguza sauti. "Unajua kwa nini anakula? Anasema mwanawe amerudi. Anamgongea dirishani."

Chujio aliinua macho.

"Si unakumbuka alivyokuwa akitoka bwawani jioni? Anapita nje ya dirisha la mama, anagonga kwa ukucha, ko, ko, ko, ndiyo mama anajua amerudi salama. Basi mama anasema kila jioni anagonga. Na mimi nimesikia, wifi. Kwa masikio haya. Nilikuwa nimemshikia bakuli, nikasikia ko, ko. Nilitetemeka mwili mzima."

"Ulitazama nje?"

"Nitazame nini, niwe wazimu? Mama amekataza hata taa isizimwe. Anasema akija asikute giza."

Taa hiyo ilikuwa kazi nyingine ya Baba mdogo. Siku ya kwanza ya msiba alitundika taa kubwa nyeupe juu kidogo ya dirisha la mama ili waombolezaji waone pa kukaa. Alivuta waya ukapita kwenye tundu la dirisha na kuuchomeka ndani, karibu na kitanda. Watu waliondoka, viti vya kukodi vikarudishwa, taa ikabaki. Kila jioni iliwaka, ikamulika ua mzima na mabwawa matatu nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na roho ya kuingia chumbani kwa mama kuichomoa.

Kesho yake asubuhi Chujio alifagia ua kama kawaida. Alifika chini ya dirisha la mama, akakusanya majani, vumbi, na vile vitu vyeusi vya mviringo ambavyo alikuwa akivifagia hapo kila siku. Akaanza kuvisukumia shimoni. Kimoja kilikuwa chali, kikipiga miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, makasia yanayotafuta maji kwenye saruji kavu.

Ufagio ukasimama.

Alitazama chini. Walikuwa wengi, wengine wamekufa, wengine wanahangaika, kwa maana mbawakawa wa majini hajui kutembea nchi kavu. Alitazama juu. Kioo cha dirisha kilikuwa kisafi, na juu yake bati jipya la ukingo wa paa liling'aa. Juu zaidi, taa. Akageuka polepole, akatazama taa ilikoelekea, na kule mbele yake mabwawa matatu yalikuwa yamekaa wazi kama sahani zilizoandaliwa wageni.

Alikuwa amewafagia siku zote hizi. Yeye, mwenye jicho la maji, aliwafagia kila asubuhi pamoja na majani, wala jicho halikumwambia kitu. Alimwaga mafuta, akawaua waliokuwa ndani, na kila jioni taa ya mama ikawaita wengine. Wale waliokosea maji waligonga dirisha. Wale waliolenga sawasawa waliangukia vifaranga wa Kaka.

"Nitaizima," alimwambia wifi jikoni.

Wifi aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Utamwambia nini?"

"Kwamba ni wadudu."

"Utamwambia mama mzazi kwamba aliyekuwa anamgongea ni mdudu? Wifi, yule amebakiza kamba moja tu ya kushikilia. Ukiikata, kesho utaniita nije kumvalisha sanda. Na mimi sitakuja, nakuapia."

"Vifaranga watakwisha."

"Samaki!" Wifi alilia sasa, kwa hasira. "Samaki, samaki! Hukumlilia hata tone moja, leo unataka kumnyang'anya mama kwa ajili ya samaki!"

Chujio alisimama akimtazama wifi analia. Alitaka kusema kwamba samaki wale ndiyo kulia kwake, kwamba hajui njia nyingine. Lakini maneno hayo yangehitaji mtu mwenye hisia, na yeye wakati huo hakuwa nazo. Alichukua ndoo akatoka.

Alifanya kazi mchana kutwa kwenye bwawa la tatu. Aliziba maji, akapiga sabuni na mafuta, akamwaga, akangoja, akawaokota. Bwawa likawa safi. Hata hivyo alijua usafi huo ungedumu mpaka jua lizame.

Jua likaelekea kuzama. Taa iliwaka. Chujio alisimama nje, karibu na ukuta, akamwona wa kwanza akija. Alitoka angani kama kokoto lililotupwa. Ko, kwenye kioo. Akaanguka. Wa pili na wa tatu wakafuatana. Ko, ko. Nyuma ya pazia, kivuli cha mama kiligeuza kichwa.

Aliingia ndani, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba cha mama.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga khanga mabegani. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa macho yale yale yaliyokuwa yakijua nani amekula sukari. Kwenye kigoda kulikuwa na sahani tupu, na kando ya sahani glasi ya maji. Ndani ya glasi alikuwemo mbawakawa, kichwa chini, makalio juu, anavuta hewa.

Chujio aliitazama ile glasi.

"Umekuja kuzima taa," mama alisema.

"Wifi amekwambia?"

"Wifi yako siku hizi ananificha hata kama mvua imenyesha. Nilikuona asubuhi umesimama na ufagio kama mtu aliyeona nyoka. Nikasema, haya, leo Chujio ameona."

"Mama, wanaogonga ni..."

"Wadudu." Mama alisema kama anayesahihisha mtoto. "Mimi nimeolewa kwenye mabwawa haya. Nimewachota hawa kabla kaka yako hajaota meno. Utanifundisha wewe?"

Chujio alikaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Siku ya kwanza nilidhani ni yeye," mama aliendelea. "Usinicheke."

"Sicheki, mama."

"Nikafungua dirisha. Akaniangukia huyu mapajani." Aligusa glasi kwa kidole, na mbawakawa akapiga mbizi, kiputo cha hewa kikimeta nyuma yake. "Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikaona anakauka, nikamtia majini. Nampa vipande vya nyama. Vingine nakula mwenyewe, maana nikisema avile vyote peke yake shibe itamwua."

"Lakini ulimwambia wifi kwamba ni mwanao."

"Ningemwambia ni wadudu angezima taa siku hiyo hiyo."

"Wanakula vifaranga, mama. Taa inawaita. Bwawa la kwanza wamemaliza. La pili wamemaliza."

Mama aligeuka kwa haraka ambayo Chujio hakuitegemea. "Vifaranga gani?"

"Wa Bibi. Wale aliowakamua mwisho."

"Wale wapo hapa? Si alikwenda nao?"

"Alikwenda na wengine. Hawa walikuwa bado mayai."

Nje kioo kiligongwa tena, na safari hii hakuna aliyegeuka. Mama aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nani aliniambia? Mnaniletea sahani, mnasema mama kula, mnafunga mlango. Mabaki ya mwanangu yanaliwa nyuma ya nyumba yangu, kwa taa yangu, na hakuna mtu wa kuniambia."

"Tuliogopa kukuumiza."

"Mimi nimeshaumia. Mnaogopa nini tena?" Alijifunga khanga upya. "Na wewe. Tangu tumzike hujaingia humu."

"Nilikuwa na kazi."

"Najua. Kila jioni nasikia miguu yako inapita hapo nje na ndoo. Nasema, leo atagonga. Unapita. Kesho nasema, leo. Unapita." Mama alitazama dirisha. "Hawa wadudu angalau wanagonga."

Kitu kilimchoma Chujio chini ya mbavu. Kilikuwa maumivu, na aliyatambua mara moja, kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu aliyekuwa safarini.

Mama hakungoja jibu. Aliinama, akapapasa chini ya kitanda, akaushika waya ambao Baba mdogo aliuchomeka, akauvuta. Ua ukazimika. Mabwawa yakazimika. Wote wawili walikaa kwenye mwanga hafifu wa jua lililokwisha kuzama, wakisikiliza. Mara moja zaidi kioo kiligongwa, mchelewaji mmoja. Kisha kukawa kimya.

"Kawaachie vifaranga kabla giza halijashika," mama alisema. "Na huyu mpeleke." Alimpa glasi. "Usimwue. Hana kosa, alifuata mng'ao."

Chujio alishuka kwanza bondeni, ng'ambo ya barabara, kwenye dimbwi la mvua lililojaa majani na viluwiluwi wa mbu. Huko mbawakawa alikuwa na kazi yake na hakuna aliyemchukia. Aliiinamisha glasi. Mdudu aliteleza ndani, akapanda mara moja, akatoa makalio juu ya uso usio na mafuta, akavuta pumzi, akashuka nayo gizani. Chujio alichuchumaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha alirudi, akabeba trei moja moja mpaka bwawa la tatu, akaziinamisha taratibu. Vifaranga walitoka kwa makundi, wakatawanyika chini.

Siku zilizofuata taa ilibaki imechomolewa. Wifi hakusema naye mpaka alipomwona mama ametoka nje mwenyewe, na fimbo, kumgombeza Baba mdogo aje kuishusha taa yake, na kumwuliza kwa nini alimpika samaki wa watu. Baba mdogo alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza wote kumwona kichwa.

Jioni moja katika siku hizo Chujio alitumbukiza wavu kwenye bwawa la tatu. Aliuinua akauchungulia kwa muda mrefu. Akachota kona, akachota upande wa pili. Aliuweka wavu chini, akachukua ndoo, akaanza kurudi nyumbani kwa njia yake ya siku zote, kando ya ukuta.

Chini ya dirisha la mama miguu ilisimama. Hakujua agonge vipi. Ukucha ulikuwa wa Kaka, hakutaka kuuchukua. Akapiga kioo kwa kiganja, ovyo, kama mtu anayeua mbu.

"Nani?" mama aliuliza ndani.

"Mimi."

"Wapo?"

Chujio alitaka kujibu neno moja tu na kwenda kuosha miguu. Lakini alikumbuka bwawa la kwanza, na la pili, na kichwa cha Bibi ndani ya bakuli, na Kaka akiondoka ukingoni na kumwambia abaki yeye, kwa sababu ana moyo.

"Waliobaki," alisema, "waliobaki wapo, mama," na hapo sauti ikamkatika. Ndoo ilimtoka mkononi. Alilia akiwa ameegemea ukuta, kwa sauti kubwa, bila haya, kilio cha siku zote zile kikija kwa pamoja, mpaka wifi akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Mama alikuwa ameshafungua dirisha.